Mtu wa Raundi ya Tisa

Kazi yangu ya kwanza ya kudumu huko Marekani ilikuwa kuegesha magari ya watu, Bronx, New York, hatua chache kutoka uwanja wa Yankees, timu ya besiboli. Kiwanja chetu kilikuwa karibu na River Avenue, kwenye kelele ya reli ya juu ya treni namba 4. Siku ya mechi tulipanga magari bampa kwa bampa mpaka mtu hapiti kati yake ila kwa ubavu. Funguo tulizitundika kwenye misumari ubaoni, kila moja na kikaratasi chake. Gari lililowahi kuingia lilikuwa nyuma kabisa, na halitoki mpaka yaliyo mbele yake yasogezwe. Kwa hiyo kuliko kujua nani anashinda, sisi tulitaka kujua mechi inakwisha saa ngapi.

Na besiboli haina saa. Hakuna dakika ya 90 wala kipenga. Kuna raundi tisa, kila raundi timu inapiga mpaka watu wake watatu watolewe, na pointi zikilingana mnaongeza raundi hata kupambazuke. Nimewahi kukaa na funguo za watu mkononi mpaka usiku wa manane huku nikisikia kelele za ndani zikipanda na kushuka bila kujua kunani.

Kuanzia 1999 tulipata msaada. Wafanyakazi wa uwanja walianza kumpigia mrushaji wa Yankees, Mariano Rivera, wimbo wa Metallica, “Enter Sandman”, kila alipoitwa kumalizia mechi. Mwenyewe alisema wazi kwamba hakuuchagua yeye, na kwamba muziki anaousikiliza ni wa kanisani. Lakini gitaa zile zikianza kunguruma, sisi wa nje tulijua lango la ukutani limefunguliwa na yule bwana anakimbia taratibu kuelekea katikati ya uwanja. Mzee wa Kidominika niliyefanya naye kazi, ambaye alikuwa akivuta sigara chini ya bango lililokataza kuvuta sigara, alikuwa anaizima na kuchukua funguo za mstari wa mbele. Mara nyingi tulikuwa bado tunahangaika na magari ya mwanzo pale watu walipoanza kumiminika wakiimba.

Kwa mtu wa Mombasa kazi ya Rivera haihitaji maelezo marefu. Meli inavuka bahari na nahodha wake, lakini ikifika mlango wa Kilindini anapanda rubani wa bandari kuipitisha baina ya miamba. Safari si yake na sifa ya safari si yake. Ila ikipanda mwamba, jina litakalotajwa ni lake. Mrushaji anayeanza mechi hujitahidi afike raundi ya sita au ya saba. Mkono ukichoka, wanaingia wa akiba, na wa mwisho kati yao ndiye anayepewa raundi ya tisa, timu yake ikiongoza kwa pointi moja, mbili au tatu. Rivera alikabidhiwa ushindi mwembamba wa namna hiyo na kuufikisha salama mara 652 katika misimu ya kawaida. Hakuna mwingine aliyefika hapo.

Mimi nilifika New York mwaka 1996, kwa kadi ya kijani ya bahati nasibu, na mwaka huohuo Yankees walichukua ubingwa ambao hawakuwa wameuona tangu 1978. Wakati huo Rivera hakuwa mmaliziaji bado. Alirusha raundi ya saba na ya nane, kisha akampisha John Wetteland. Mwaka uliofuata Wetteland akaenda Texas, na kazi ikamwangukia huyu kijana mwembamba wa Panama.

Mzee wa Kidominika ndiye aliyenisimulia habari zake, kwa Kiingereza chake na changu, ambavyo vyote viwili vilikuwa vya kuokoteza. Rivera alizaliwa 1969 na kukulia Puerto Caimito, kijiji cha wavuvi upande wa Pasifiki. Baba yake alikuwa nahodha wa chombo cha kuvua dagaa, naye mwenyewe alifanya kazi chomboni mpaka siku chombo walichokuwamo kilipoanza kuzama ikabidi wakiache. Utotoni walicheza kwa glovu za maboksi ya maziwa na magongo ya kuokota. Hata kurusha hakuanza nako: alikuwa mchezaji wa uwanjani, na siku moja mrushaji wa timu yao alipopigwa vibaya yeye akajitolea kujaribu. Yankees walimsajili mwaka 1990 kwa dola elfu chache tu. Mimi mtoto wa Likoni, niliyekua nikinusa dagaa wakianikwa, nilimpenda kwa hilo kabla sijaelewa sheria za mchezo.

Halafu kuna ule mpira. Juni 1997, Detroit, kabla ya mechi, alikuwa akirushiana mpira na mwenzake kutoka Panama, Ramiro Mendoza, wakijipasha tu moto. Mpira ukaanza kukata kona mwishoni bila yeye kuutuma. Mendoza akakasirika, akadhani anachezewa. Rivera naye akashangaa, kwa kuwa aliushika vilevile na kuurusha vilevile. Yeye na kocha wa warushaji, Mel Stottlemyre, walihangaika kuunyoosha, wakashindwa, wakauacha. Basi akafanya kazi miaka 16 iliyofuata kwa mpira huo mmoja karibu peke yake. Warushaji wengine wana namna tatu au nne za kumdanganya mpigaji. Huyu kila mtu alijua kinachokuja.

Ulikuja kama mpira wa kawaida, wa kasi, umenyooka. Karibu na mpigaji ukahama ubavuni inchi chache. Kwa mpigaji wa mkono wa kushoto ulikuwa unaingia ndani, kuelekea vidole vyake, na badala ya kugongwa na kifua cha gongo uligongwa na shingo. Gongo linavunjika. Fainali ya 1999, Ryan Klesko wa Atlanta alivunjiwa magongo matatu katika zamu moja ya kupiga, na wenzake benchini wakashindwa kuzuia kicheko. Rivera alipotangaza kwamba 2013 ndio msimu wake wa mwisho, timu ya Minnesota ilimzawadia kiti cha bembea kilichoundwa kwa magongo yaliyovunjika. Naona ndiyo zawadi pekee ya kuaga niliyopata kuisikia ambayo ina akili ndani yake.

Mgongoni alivaa namba 42. Ndiyo namba ya Jackie Robinson, aliyevunja ukuta wa rangi katika ligi kuu mwaka 1947 akiwa na Brooklyn Dodgers. Baada ya miaka 50, Aprili 1997, ligi iliistaafisha namba hiyo katika timu zote, ila waliokuwa wakiivaa tayari waliruhusiwa kuendelea nayo. Wakaondoka mmoja mmoja, akabaki Rivera. Wazee weusi waliokuja na magari yao makubwa kutoka Harlem walinieleza jambo hili kwa uzito wa watu wanaomfundisha mgeni adabu za nyumba.

Lakini ninachotaka kukisimulia hasa ni vuli ya 2001.

Baada ya Septemba 11 kiwanja chetu kilibadilika. Kila gari lilifunguliwa buti, kioo cha mpini mrefu kikapitishwa chini ya chesisi. Beji yangu kifuani ilikuwa na jina la Kiislamu, na wapo wateja waliolisoma mara mbili kabla ya kunipa funguo. Wapo pia walionishika mkono bila sababu. Mama alipiga simu kutoka Mombasa, kwa gharama ambayo hakuwa nayo, akaniambia, “Mwanangu, hiyo nchi ishaingia balaa, rudi.” Sikurudi. Kodi ya nyumba ilikuwa inanisubiri, na mpira pia.

Msimu ulisimama siku kadhaa, ndiyo sababu fainali ikasogea mpaka Novemba. Jumanne tarehe 30 Oktoba Rais Bush alikuja kurusha mpira wa ufunguzi akiwa na fulana ya kuzuia risasi ndani ya koti la zimamoto, na mitaa yetu ikafungwa. Kazi ilikuwa ndogo usiku ule, tukakaa kibandani na redio ya mzee iliyotangaza kwa Kihispania. Yankees walikuwa wamepoteza mechi mbili za kwanza dhidi ya Arizona. Usiku huo walishinda 2 kwa 1, Rivera akirusha raundi mbili za mwisho. Usiku wa pili na wa tatu walikuwa nyuma kwa pointi mbili, raundi ya tisa, watu wawili wameshatolewa, na mara zote mbili mpira ukapigwa ukavuka ukuta: kwanza Tino Martinez, kesho yake Scott Brosius. Mrushaji aliyepigwa ni mmoja usiku wote miwili, Byung-Hyun Kim, kijana wa Korea Kusini wa miaka 22, mmaliziaji wa Arizona. Bronx nzima ilikuwa inarukaruka. Mzee peke yake alitikisa kichwa na kusema kijana yule hakupaswa kurudishwa kwenye kilima cha mrushaji baada ya usiku wa kwanza. Kim alichuchumaa palepale aliposimama, kichwa chini. Nimeikumbuka sura ile mara nyingi kuliko mapigo yenyewe.

Mechi ya saba ilichezwa Phoenix, Jumapili tarehe 4 Novemba. Tuliitazama kwenye duka la kona la Wadominika, televisheni ikiwa juu ya friji la soda. Raundi ya nane Alfonso Soriano wa Yankees aliuvusha ukuta mpira wa Curt Schilling wa Arizona, ikawa 2 kwa 1. Rivera akaingia. Raundi ile aliwatoa watatu kwa straiki, Luis Gonzalez na Matt Williams wakiwemo. Mwenye duka alikuwa ameshaanza kutoa bia kwenye barafu. Na kwa nini asitoe? Katika mechi za mchujo na fainali Rivera alikuwa amelinda ushindi mara 23 mfululizo.

Raundi ya tisa ilikwenda hivi. Mark Grace alipata kituo cha kwanza. Anayefuata akaugusa tu mpira ubiringike mbele. Rivera akauokota, akageuka kutupa kituo cha pili, akakosea, mpira ukaenda zake nyuma ya uwanja. Sijui kama niliwahi kumwona akitupa vibaya namna ile kabla ya hapo. Jay Bell akafanya vilevile, na safari hii Rivera akamtoa mtu wa kituo cha tatu. Kisha Tony Womack akaupiga ukaenda kulia, pointi zikalingana. Craig Counsell akagongwa na mpira mkononi. Vituo vyote vitatu vina watu, mmoja ameshatolewa, anakuja Gonzalez, wa mkono wa kushoto.

Hapo kocha Joe Torre akawasogeza mbele wachezaji wake wa ndani. Ikiwa mpira utabiringika, waudake haraka na kumtoa Bell, aliyekuwa kituo cha tatu, asifike nyumbani kufunga pointi. Ni hesabu ya kawaida. Ila mrushaji ni Rivera, na mpira wake unavunja magongo ya watu wa kushoto, na gongo likivunjika mpira mara nyingi hauendi kwa kasi, unaelea na kuangukia mgongoni mwa hao waliosogezwa mbele. Tim McCarver, mdakaji wa zamani aliyekuwa akichambua kwenye televisheni, alilieleza jambo hilo karibu neno kwa neno sekunde chache kabla halijatokea. Gonzalez naye alikuwa ameshika gongo juu kidogo kuliko kawaida yake, kwa kuwa hakutaka kuupiga mbali, alitaka kuugusa tu.

Rivera alirusha mpira mzuri. Hili nitalisema mpaka nife. Ulikata palepale ulipotakiwa kukata, ukamwingia Gonzalez vidoleni na kuligonga gongo shingoni. Mpira ukapaa kidogo, polepole, juu ya kichwa cha Derek Jeter, mmoja wa waliosogezwa mbele, ukaanguka nyuma yake kwenye majani. Siku nyingine yoyote Jeter angekuwa amesimama hapohapo ulipoangukia. Bell akaingia nyumbani, 3 kwa 2, na Yankees waliokuwa wamechukua ubingwa mara tatu mfululizo wakawa si mabingwa tena.

Dukani hakuna aliyelia. Mwenye duka alirudisha bia kwenye friji moja baada ya nyingine. Rivera alikaa na waandishi wa habari akajibu kila swali, wala hakumlaumu mtu.

Siku nane baadaye, Jumatatu tarehe 12 Novemba, saa tatu na robo asubuhi, ndege ya American Airlines namba 587 iliruka kutoka uwanja wa JFK kwenda Santo Domingo. Ikaanguka katika nyumba za watu huko Belle Harbor, Queens, kabla haijafika mbali. Walikufa wote 260 waliokuwa ndani, na watu 5 chini. Saa za mwanzo kila mtu alidhani ni shambulio jingine. Uchunguzi ulikuja kuonyesha kwamba ndege ilitikiswa na hewa iliyovurugwa na ndege kubwa iliyotangulia, msaidizi wa rubani akakanyaga pedali za usukani wa mkia kwa nguvu kupita kiasi, kushoto kulia kushoto, mpaka mkia wenyewe ukang'oka.

Mtu ambaye hakuishi Bronx au Washington Heights wakati ule hawezi kujua ndege ile ilikuwa nini. Hiyo ndiyo safari waliyopanda kina mama wa Kidominika na masanduku yaliyofungwa kwa kamba, wakiwapelekea wajukuu viatu na mafuta ya nywele. Kulikuwa na wimbo wa merengue unaoitaja kwa namba yake. Duka la kona lilifungwa. Kwenye ngazi za jengo letu mishumaa iliwashwa kwenye milango miwili, na mzee hakuja kazini wiki nzima kwa kuwa alikuwa na jamaa wa mkewe ndani ya ndege ile. Nilikwenda kumpa pole. Nilikuta chumba kimejaa wanawake wanaosali rozari, nikakaa nao mpaka mwisho, nikasoma Fatiha yangu kimya kimya, na mkewe akaniletea kahawa.

Baadaye ndipo tukasikia habari ya Enrique Wilson. Alikuwa mchezaji wa akiba wa Yankees, Mdominika, na alikuwa ameweka nafasi katika ndege hiyohiyo, akitarajia kwamba timu ingeshinda na angebaki mjini kwa maandamano ya ubingwa. Timu iliposhindwa hakukuwa na maandamano. Akabadilisha tiketi, akaondoka mapema. Rivera aliposikia alisema anafurahi walipoteza, maana rafiki yake yu hai.

Maneno yake sina ugomvi nayo. Ni mlokole wa kweli, na anayemshukuru Mungu kwa uhai wa mwenzake hajakosea. Ugomvi wangu ni na waliosimulia baada yake, kwenye magazeti na vitabu, mpaka ikawa hadithi ya kupendeza: mpira ukaanguka nyuma ya Jeter ili mtu mmoja aokoke. Nilipomsomea mzee makala moja ya namna hiyo aliniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, na wale wengine walihitaji nani apoteze? Nikakunja gazeti.

Mengine nitayapitisha haraka. Oktoba 2004 Rivera alizika Panama jamaa wawili wa mkewe, waliokufa kwa umeme katika bwawa la kuogelea la nyumba yake, akapanda ndege, akafika uwanjani jioni mechi ikiendelea na kuimaliza. Siku chache baadaye, Boston, timu ikiongoza mechi tatu kwa bila, alimpa Kevin Millar kituo cha bure. Dave Roberts akaingia kukimbia badala yake, akaiba kituo cha pili, Bill Mueller akapiga, pointi zikalingana, na Boston wakashinda ile na zote zilizofuata. Msimu mpya ulipofunguliwa huko Boston, mashabiki walimpigia Rivera makofi ya kejeli. Akacheka, akawavulia kofia. Mwaka 2009 alichukua ubingwa wa tano. Jumla ya mechi zake za mchujo na fainali ni raundi 141, na katika hizo walimchuma pointi 11 tu, bila kuhesabu zilizotokana na makosa ya uwanjani.

Mwaka huo wa 2009 timu ilikuwa imeshahamia uwanja mpya upande wa pili wa barabara, na majengo makubwa ya maegesho yakajengwa. Viwanja vidogo kama chetu vilikosa magari. Nilipata kazi ya udereva. Mei 2012 nilisikia redioni kwamba Rivera, miaka 42, ameanguka na kuchana kano ya goti huko Kansas City akikimbiza mipira ya mazoezi, jambo alilolifanya kila siku kwa kuwa alilipenda. Nikadhani ndiyo basi. Akarudi 2013, akacheza msimu mzima, na tarehe 26 Septemba, mechi yake ya mwisho nyumbani, waliotumwa kumtoa uwanjani hawakuwa makocha bali wachezaji wenzake, Jeter na Andy Pettitte. Alilia kwenye bega la Pettitte. Mwaka 2019 wapiga kura wote 425 walimchagua kuingia katika jumba la heshima la besiboli huko Cooperstown, na kabla yake hakuna aliyewahi kupata kura zote.

Mimi niko Mombasa sasa, mzee yuko kwao San Pedro de Macorís. Tunatumiana ujumbe wa sauti, na baada ya kuulizana afya mazungumzo huishia Phoenix. Yeye anashikilia kwamba Torre hakupaswa kuwasogeza watu mbele. Jeter angerudi hatua chache, angeudaka ule mpira bila hata kuruka, watu wawili wametolewa, na anayefuata ni Matt Williams ambaye Rivera alikuwa amemtoa kwa straiki raundi iliyotangulia. Mimi namwambia kwamba gongo likivunjika mpira unaweza pia kubiringika pole pole, na kama watu wako nyuma Bell anaingia nyumbani akitembea. Yeye husema hayo ni maneno ya mtu aliyejifunza besiboli akiwa nje ya uwanja, kati ya magari.